Mutare: Tunda Lake, Dawa Yake na Hatari Zake

(Haya ndiyo maneno ya mazungumzo yaliyosemwa mbele ya wakazi wa Baba Dogo, Nairobi.)



Nitasema nanyi juu ya mmea ambao wengi wenu mliujua kabla hamjajua kusoma. Ni kile kichaka chenye miiba kinachoota kando ya misitu na penye mifereji katika nchi za baridi. Mtoto aliyepelekwa kuchunga mbuzi huko Limuru, au Kinangop, au Kericho, au katika miteremko ya Mlima Elgon, alirudi jioni midomo imekuwa myekundu na mikono imekwaruzwa, na mama yake hakuwa na haja ya kumwuliza alikuwa wapi.

Kiswahili hakina jina moja la mmea huu, wala si ajabu, kwa maana lugha yetu ilizaliwa pwani kwenye minazi na mikoko, na mmea huu hauko huko. Wakikuyu huuita mutare, na matunda yake ndare. Wakalenjin husema momoniat. Waganda huyaita matunda yake nkenene. Kwa Kiingereza ni rasiberi ya mwituni. Sisi wa Baba Dogo tumetoka kila upande wa nchi, na kila mmoja amekuja na jina la kwao. Lakini ili tusichanganyikiwe nitasema mutare, jina ambalo nimelisikia zaidi katika mitaa hii.

Wataalamu wa mimea huita jamii hii yote Rubus, nayo ina aina nyingi. Nchini Kenya ziko kadha wa kadha. Mojawapo yaitwa Rubus steudneri, kwa jina la Mjerumani Hermann Steudner aliyesafiri Habeshi, kisha akafa kwa homa huko Wau, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, mwaka 1863. Watoto wa Habeshi na wa kwetu walikuwa wakila matunda hayo karne nyingi kabla yake, lakini hivyo ndivyo majina ya vitabuni yatolewavyo. Nyingine yaitwa Rubus apetalus, maana yake isiyo na petali, na nyingine Rubus pinnatus, ambayo majani yake yamepangika mawili mawili kama unyoya wa ndege. Wote wana alama za kuwatambulisha. Mashina yake ni marefu na hupinda, miiba yake imejikunja nyuma kama kucha za paka, na tunda lake si tunda moja bali ni vitunda vidogo vingi vilivyoshikamana, kila kimoja na kokwa yake ndogo.

Iko pia aina moja ya kigeni, Rubus niveus, iliyoletwa kutoka nchi za Asia ya kusini, ambayo sasa huota yenyewe katika nyanda zetu za juu. Mashina yake yana unga mweupe, na matunda yake yakiiva huwa meusi. Huliwa, na ni matamu. Lakini mgeni huyu hana adabu. Katika visiwa vya Galapagos, huko Amerika ya Kusini, amefunika mashamba na misitu hata akaua mimea ya wenyeji. Kwa hiyo atakaye kupanda mutare achague ule wa nchi yetu.

Sasa juu ya chakula. Hapa sina neno la kuwaonya, ila kuwasifia tu. Rasiberi ya Ulaya, ndugu wa mutare, imepimwa sana, na gramu 100 za matunda yake zina kama miligramu 26 za vitamini C na gramu 6 na nusu za nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo kufanya kazi. Watu wa mjini hununua rasiberi katika maduka makubwa ya Nairobi, zimewekwa ndani ya visanduku vidogo kama mapambo, na bei yake yaweza kumlisha mtu ugali na sukuma wiki kwa siku kadhaa. Ndugu yake huyo ndiye tuliyemla bure tukichunga mbuzi. Naona haya kidogo kwamba tunda likifungwa katika plastiki ndipo tunaliheshimu.

Lakini sikuja kusema juu ya matunda. Nimekuja kwa ajili ya majani na mizizi, kwa sababu ndiyo yanayochemshwa majumbani mwetu, nayo ndiyo yenye kuleta faida na madhara.

Wazee wetu wa nyanda za juu walitumia majani na mizizi ya mutare kwa maumivu ya tumbo, kwa kuhara na kwa kikohozi. Majani yalitafunwa mtu akiwa na vidonda vya ufizi, au yalichemshwa na maji yake yakasukutuliwa kooni. Kusini mwa Afrika, watu wasiopata kamwe kukutana na babu zetu walitumia mimea ya jamii hii hii kwa magonjwa hayo hayo, na Ulaya vilevile. Watu wa nchi mbalimbali wasiojuana wakipata jambo moja, si vema kulicheka. Mwaka 1976 Profesa J. O. Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa kitabu chake juu ya mimea ya dawa ya Afrika ya Mashariki ili maarifa ya namna hii yasizikwe pamoja na wazee. Na Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imeitaja tiba ya asili na kuitambua. Basi asije mtu akadhani nimekuja kuwakataza dawa ya bibi zenu.

Nasikia mtu akiuliza: Je, katika jani hili mna nini kinachofanya kazi? Mnamo kitu kiitwacho tanini. Wazee wa Kiambu na Murang'a watanielewa upesi, maana wanaukumbuka mti wa muwati, ambao magome yake yalikuwa yakibanduliwa, yakakaushwa, yakauzwa viwandani kwa kudabighi ngozi. Kilichokuwa kikitafutwa katika gome lile ni tanini hiyo. Ngozi mbichi ikitiwa humo hukaza, haiozi, ikawa ngozi ya kiatu. Ukinywa chai ya rangi iliyokolea sana ulimi wako huwa mkavu na kukakamaa. Hiyo nayo ni tanini. Basi tanini ya mutare ikipita kooni au tumboni hukaza ngozi laini ya ndani kwa namna hiyo hiyo, ingawa kwa kadiri ndogo, na kupunguza majimaji yanayotoka. Ndiyo sababu aliyeumwa koo huona nafuu, na aliyehara huona choo kimepungua.

Katika maabara wataalamu pia wamechukua maji ya majani ya mimea ya jamii hii, wakayatia penye vijidudu vya magonjwa, wakaona baadhi ya vijidudu havikui. Ni jambo zuri kulijua. Lakini kisahani cha maabara si tumbo la mtoto.

Hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini, hasa akina mama wenye watoto wachanga. Mtoto akihara, kinachomwua kwa kawaida si kile choo chenyewe, bali ni maji na chumvi zinazotoka mwilini mwake pamoja na choo. Mtungi uliotoboka humwaga maji. Ukiziba tundu nusu na usitie maji mengine, mtungi utakauka tu, hata kama ni polepole. Jani la mutare, likifanya kazi yake vizuri kabisa, huziba tundu nusu. Halirudishi maji. Na hatari kubwa ni kwamba mama akiona choo kimepungua hudhani mtoto anapona, akamlaza, na kumbe macho yamezama, midomo imekauka, na mtoto hana nguvu hata ya kulia.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, mamilioni ya watu walikimbilia India, na kipindupindu kikaingia kambini. Katika kambi ya Bangaon, Daktari Dilip Mahalanabis aliona watu wamelala sakafuni wakifa, na maji ya kutiwa katika mishipa yakawa yanakwisha. Akaagiza chumvi, sukari ya glukosi na magadi vichanganywe na maji safi, yakatiwa katika mapipa, na jamaa za wagonjwa wakaambiwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa wagonjwa kama 30 katika kila 100. Baada ya hapo walikufa chini ya 4. Hakukuwa na mashine, wala waliokuwa wakinywesha hawakuwa wauguzi. Walikuwa mama, mume, dada.

Dawa hiyo leo imo katika pakiti ndogo zinazopatikana katika zahanati na maduka ya dawa, nayo hutolewa pamoja na vidonge vya zinki. Pakiti huchanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, si zaidi wala si pungufu. Kama hakuna pakiti, na ni usiku, na njia ya kwenda zahanati si salama, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, utie vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu ya kikombe kila baada ya choo chepesi. Aliyezidi umri huo, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole kwa kijiko. Anyonye kama kawaida, na aliyeanza kula asinyimwe chakula. Vidonge vya zinki hupewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Mtoto aliyetimiza miezi 6 hupewa miligramu 20 kwa siku, na aliye chini ya hapo nusu yake.

Ukiona damu katika choo, au macho yamezama, au ukifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole, au mtoto hawezi kunywa, au amelegea na haamki vizuri, usichemshe kitu chochote. Mfunge mgongoni uende.

Labda mtu atasema, basi nimpe mtoto vyote viwili, maji ya chumvi na sukari, na maji ya mutare. Kwa mtu mzima mwenye kuhara kidogo, kikombe kimoja chepesi cha majani safi sioni kuwa kosa, mradi anywe maji ya kutosha. Kwa mtoto mdogo sishauri. Tumbo lake ni dogo. Kila kikombe cha dawa chungu anachonyweshwa kwa nguvu huchukua nafasi ya kikombe cha maji yanayomwokoa, na mara nyingi humtapisha.

Nimeulizwa pia mara nyingi juu ya wajawazito, kwa kuwa Ulaya wakunga wa zamani waliwapa wanawake majani ya rasiberi ili wajifungue kwa wepesi, na habari hiyo imefika mpaka kwetu. Liko jaribio moja zuri lililofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2001. Wanawake 192 waliokuwa na mimba ya kwanza waligawanywa. Wengine wakapewa vidonge vya majani ya rasiberi kuanzia juma la 32, na wengine vidonge visivyo na dawa. Uchungu wa mwanzo haukupungua muda wake. Wakati wa kusukuma ulipungua kwa dakika kama 10 tu. Madhara hayakuonekana. Basi faida ni ndogo, tena hiyo ilikuwa rasiberi ya Ulaya, iliyopimwa na kutengenezwa kwa kipimo kimoja. Mutare ni ndugu yake, lakini undugu wa mimea si umoja wa dawa. Pichi tunazokula na mti wa muiri ni wa ukoo mmoja na mutare, ukoo wa waridi. Gome la muiri ni dawa ya wazee wenye shida ya kukojoa, lakini nani amepata kuponywa shida hiyo kwa kula pichi? Mjamzito asinywe mzizi wa mutare kwa kusikia tu. Tena tanini ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kupata madini ya chuma, na mjamzito ndiye anayehitaji damu kuliko mtu yeyote. Hata chai ya kawaida aiweke mbali na saa ya kula.

Nimemtaja muiri, na haifai nimpite bila kusema. Wazungu walipoona faida ya gome lake walilinunua kwa wingi, na watu wakabandua miti mizima ikafa imesimama. Ikawa lazima tangu mwaka 1995 biashara yake kati ya mataifa iwekwe chini ya mapatano ya ulinzi wa viumbe. Mutare haujafika huko, lakini anayeng'oa mzizi ameua kichaka, na anayechuma majani machache amekiacha kiishi. Na kwa kuwa tanini imo katika majani pia, sioni sababu ya kuchimba.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi wa Baba Dogo kuliko watu wa Nyeri au Kericho. Huko mlimani, mtu akitaka jani hulichuma penye umande. Hapa tunaishi baina ya viwanda na barabara, na mito yetu hubeba maji machafu ya mji mzima. Ng'ambo ya mto kutoka Korogocho, katika eneo la Dandora, liko jaa kubwa la taka. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza uchunguzi uliofanywa hapo. Watoto na vijana 328 walipimwa, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiasi cha mikrogramu 10 au zaidi katika kila desilita. Risasi huharibu ubongo wa mtoto; humfanya mzito wa kujifunza, na yaliyoharibika hayarudi.

Watu wengi hudhani moto husafisha kila kitu. Moto huua vijidudu, hilo ni kweli. Lakini risasi haifi, kwa sababu haikuwa hai. Ukichemsha majani yaliyoota kando ya mto mchafu, au yaliyokaa kwenye vumbi la barabara na moshi wa kuyeyusha vyuma, maji hupungua kwa mvuke na risasi hubaki sufuriani. Ukiyachemsha sana hata yakawa mazito, kama wengi wapendavyo wakidhani dawa imekolea, umekoleza sumu. Kuosha huondoa vumbi la juu. Kilichopanda kwa mizizi hakioshwi. Na haya si ya mutare peke yake. Ni ya kila jani linalochumwa kando ya mto huku kwetu, iwe dawa au mboga.

Kwa hiyo ukinunua fungu la majani makavu njiani, mwulize muuzaji yametoka wapi. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Atakuambia amechuma kwao, shamba fulani, na pengine atafurahi kwamba umeuliza. Akikuambia hajui, usimgombeze, rudisha fungu lake. Na dawa ya unga iliyosagwa tayari, isiyo na jina wala mahali ilikotoka, mimi nisingeinunua kwa bei yoyote, maana hapana jicho linaloweza kuona kilichomo. Ukienda hospitali mweleze daktari kila ulichokunywa. Hakuna aibu ndani yake, na yeye atajua dawa gani asiichanganye nayo.

Mwisho, wako waliouliza kama mutare waweza kupandwa hapa mjini. Upande wetu huu uko mita 1,600 hivi juu ya bahari, na mutare hupenda baridi zaidi, lakini penye kivuli cha asubuhi na maji ya kutosha waweza kuota. Ukienda kwenu wakati wa mvua, chagua shina refu lenye afya, uinamishe ncha yake, uizike udongoni kama kina cha kidole, uiwekee jiwe isiinuke. Baada ya majuma kadhaa itakuwa na mizizi. Ikate kutoka kwa mama yake uje nayo katika kopo lenye udongo. Usitumie udongo wa kando ya mto wala wa penye karakana. Leta udongo wa shambani pamoja na mche, ujaze gunia au ndoo kubwa iliyotobolewa chini, na uimwagilie maji ya mfereji. Liweke gunia mbali na barabara. Usitazamie tunda katika shina la mwaka huu. Aghalabu shina huzaa mwaka wake wa pili, na likiisha kuzaa likatwe chini ili machipukizi yapate nafasi. Zikianza kuiva, ndege wataziona kabla yako, kwa hiyo anayetaka kula ndare zake mwenyewe na aamke mapema.